Shajara ya mradi: mbawakawa wa kinamasi katika vyungu vya mianzi, Usambara Mashariki

Lengo la mradi

Mbawakawa wa kinamasi, familia ya Scirtidae, ni wadudu wa milimita 2 hadi 10 hivi, wengi wa rangi ya kahawia au nyeusi, wenye mwili laini kuliko mbawakawa tuliowazoea na manyoya mafupi yaliyolala mgongoni. Mpevu, yaani mdudu mzima, hukaa kwenye majani ya mimea iliyo karibu na maji. Buu wake anaishi ndani ya maji yenyewe: ukingo wa kijito, bwawa lenye majani, kinamasi, na pale tunapomfuata sisi, yaani maji ya mvua yanayotuama kwenye matundu ya miti, kati ya majani na mti unaooza.

Spishi zilizokwisha kupewa majina duniani zinazidi 1,000. Jina la familia linatokana na kazi ya Fleming ya mwaka 1821, lakini anayepekua maandishi ya zamani atafute pia chini ya jina Helodidae, la sivyo atakosa sehemu kubwa ya yaliyoandikwa. Uchunguzi wa vinasaba unaiweka familia hii na jamaa zake karibu na shina la Polyphaga, kundi lenye takriban asilimia 90 ya mbawakawa wote. Hilo peke yake linatosha kumfanya buu huyu wa maji machafu astahili kutazamwa vizuri.

Kazi yetu ni kumuunganisha buu na mpevu wake. Spishi hutambuliwa kwa viungo vya uzazi vya dume mpevu. Ukiwa na buu tu, mara nyingi huvuki jenasi. Njia ya uhakika ni kumfuga buu mpaka atoke mbawakawa, na kuhifadhi ngozi aliyoivua pamoja naye. Kumkuza buu si kazi. Kazi ni kumpa mahali pa kugeukia pupa, hatua ya kutulia kati ya buu na mpevu. Sehemu kubwa ya shajara hii inahusu hapo.

Januari: matundu ya asili

Mradi unatumia vyungu vya mianzi vyenye maji, vinavyoiga matundu ya miti. Kabla ya kuning'iniza chungu chochote tumekagua matundu ya asili kuzunguka Amani, kwenye kimo cha mita 900 hivi, kando ya vijito vinavyoshuka kuelekea mto Sigi. Vibali viwili vilitangulia: cha utafiti kutoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na ruhusa ya kuingia hifadhini kutoka TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Anayepanga kupeleka sampuli nje ya nchi ashughulikie kibali cha kuzisafirisha mapema.

Matundu yenye maji hupatikana zaidi pale tawi kubwa lilipovunjika na jeraha likaoza, na kati ya mizizi mipana inayosimama kama mbao. Mtambara na msambu wakubwa wana matundu mazuri. Tundu linalofaa lina mambo matatu: maji ya rangi ya chai, majani yaliyooza nusu chini yake, na ukuta wa mti uliolainika kuanzia usawa wa maji kwenda juu. Matundu yenye ukuta mgumu, mkavu na safi yalikuwa na mabuu wachache au hayakuwa nao kabisa, hata maji yalipokuwa mengi.

Vipimo tulivyochukua kwa kila tundu: kimo kutoka ardhini, upana wa mdomo, kina cha maji (kijiti chembamba chenye alama za sentimita), joto, pH kwa karatasi ya kupimia, na ulaini wa ukuta. Ulaini tunaupima kwa kusukuma msumari wa inchi 3 kwa kidole gumba na kuandika umeingia milimita ngapi. Kipimo ni cha kienyeji, lakini kila mtu akirudia anapata jibu lilelile, na hicho ndicho tunachohitaji.

Tahadhari kuhusu wakazi wengine. Matundu ya Usambara yana kaa wake, Potamonautes raybouldi, aliyepewa jina mwaka 2004 na anayejulikana pia Shimba Hills, Kenya. Yana mabuu wa kereng'ende Coryphagrion grandis, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambaye jamaa zake wa karibu wako Amerika ya Kati na Kusini. Tundu lenye kaa au buu wa kereng'ende tunalipima tu, hatulinyonyi maji. Wote wawili ni wawindaji. Ukiondoa maji na kuyarudisha ovyo unaharibu makazi yaliyochukua miaka kujengeka, na hesabu yako ya mabuu pia haifai kitu kwa sababu sehemu yao wamekwisha kuliwa.

Februari: kutayarisha mianzi

Njia ya vyungu vya mianzi ni ya zamani. Wachunguzi wa homa ya manjano Afrika Mashariki waliitumia kunasa mbu wa misituni, na mbawakawa wa kinamasi huingia humo humo. Tunatumia mwanzi wa kawaida, Bambusa vulgaris, unaopatikana tele vijijini.

Kata pingili zenye kipenyo cha ndani cha sentimita 8 na urefu wa sentimita 30, kifundo cha chini kikiachwa kiwe kitako. Acha sentimita 3 za mwanzi chini ya kifundo. Ukikata sawasawa na kifundo, kitako kinapasuka kikianza kukauka. Toboa tundu la milimita 6 kwenye ukuta, sentimita 20 juu ya kitako. Hilo ndilo linaloshikilia kiwango cha maji: mvua ikizidi, maji yanatoka hapo, hayafuriki mdomoni na kubeba majani na mabuu. Kina cha sentimita 20 kwa kipenyo hicho ni lita 1 hivi. Funika tundu hilo kwa kipande cha chandarua kilichobanwa na mpira wa tyubu ya baiskeli.

Mwanzi mbichi hautumiki hivyohivyo. Una wanga na sukari. Ukiujaza maji, baada ya siku chache yanachacha, yananuka, juu yanafanya utando mweupe, na mabuu wanakufa kwa kukosa hewa na kwa uchachu. Loweka vyungu kijitoni wiki mbili, vikiwa vimelazwa na kukandamizwa kwa mawe ili maji yapite ndani. Kuloweka kunapunguza pia wanga unaowavuta dumuzi wa mianzi, Dinoderus minutus. Dalili yao ni unga mwepesi wa njano unaomwagika kutoka vitobo vidogo. Chungu chenye unga kitavuja, kitupe.

Baada ya kuloweka, anika kivulini, si juani. Jua la siku moja linatosha kuupasua mwanzi urefu wote. Kila chungu kifungwe waya mara mbili, chini ya mdomo na juu ya kifundo, hata kama hakijapasuka. Kisha kijaribu: jaza maji, kiache usiku kucha juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, chungu hakiendi msituni.

Ngazi

Vyungu viko vya aina mbili. Nusu ni mwanzi, maji na majani tu. Nusu nyingine vimeongezwa kipande cha mti uliooza, ambacho hapa tunakiita ngazi: urefu sentimita 26, upana sentimita 4, unene sentimita 3. Kikisimama chunguni, sentimita 20 za chini ziko majini na 6 za juu ziko hewani.

Mti wa ngazi uchaguliwe kwa kidole. Ubonyeze kwa gumba: ukiingia milimita 5 hadi 10 na kubaki na alama, unafaa. Ukivunjika kama keki, utayeyuka kwenye maji kabla ya masika kwisha. Usipobonyea, buu hataweza kuuchimba. Tunachukua magogo yaliyoanguka ya mesopsis (Maesopsis eminii), mti ulioletwa Amani na kusambaa msituni kwa kasi kwa sababu hondohondo hula matunda yake na kutawanya mbegu. Unaoza haraka, unapatikana kila upande, na kuutumia hakupunguzi kitu cha asili msituni.

Ngazi ichemshwe dakika 20, kisha iachwe ipoe kwenye maji yaleyale. Sababu ni hesabu: magogo ya kando ya kijito yana mabuu yao wenyewe, wakiwamo wa familia ya Ptilodactylidae, ambao nao wanapenda mti bovu na unyevu. Ngazi isiyochemshwa inakuletea wageni usiojua walikotoka. Mti uliochemshwa huota ukungu mweupe kwa siku kadhaa; usiusugue, unaisha wenyewe, na mabuu wanaula. Ngazi huelea siku za mwanzo, hivyo ifunge kwa waya kwenye ukuta wa chungu, uso wake laini ukitazama katikati.

Machi: kutundika

Vyungu vilipanda miti mwanzoni mwa masika, kimo cha mita 1 hadi 1.5, upande wa shina usiopigwa na jua la mchana, ndani ya mita 20 kutoka kijitoni. Vinafungwa kwa jozi: chenye ngazi na kisicho na ngazi kwenye mti mmoja, ili kivuli, mvua na majani yanayodondoka viwe sawa kwa vyote viwili. Kamba ni ya katani, si waya, maana waya hukata gome la mti hai.

Kila chungu kinaanza na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye ndoo safi na gramu 5 za majani makavu. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi saa 24 kabla ya kutumika, au bora yaachwe kabisa. Majani yaokotwe yakiwa yameanguka na kukauka, yasiwe mabichi: majani mabichi yanachachusha maji kama mwanzi mbichi. Tumetumia ya mkuyu na ya mesopsis kwa mchanganyiko wa uzito sawa. Majani magumu yenye nta, kama ya msambu, huchukua muda mrefu mno kulainika kwa mradi wa msimu mmoja.

Kinachoharibika hapa ni wanyama. Kima huingiza mikono chunguni kutafuta cha kula na kumwaga kila kitu. Kipande cha waya wa kuku wenye matundu ya sentimita 2.5, kikikunjwa kama kofia juu ya mdomo, kinawazuia bila kumzuia mbawakawa wala mbu. Siafu wakipita, subiri wapite.

Suala la mbu lazima lisemwe wazi. Chungu cha maji ni mazalia ya mbu wa jenasi Aedes, na Aedes aegypti hueneza dengi, chikungunya na homa ya manjano. Hivyo hakuna chungu kinachowekwa karibu na nyumba, shule au njia inayopitwa na watu kila siku. Nyumbani, vyombo vyote vya kufugia vinafunikwa chandarua na kufungwa kwa mpira, bila ubaguzi. Si sharti la karatasi. Ni afya ya majirani.

Aprili: mabuu wa kwanza

Mbu ndio wanaotangulia, ndani ya siku chache. Mabuu wa mbawakawa hufuata maji yakishakuwa na rangi ya chai na majani yakishaanza kuteleza kwa vidole. Mpevu anatafuta maji yaliyokomaa, kuharakisha hakusaidii.

Namna ya kuchukua sampuli. Bomba la sindano la mililita 60, lisilo na sindano, limeunganishwa na mpira wa ndani wa milimita 6. Koroga maji kwa mpira wenyewe, nyonya, mwaga kwenye chujio la matundu ya milimita 0.25 lililo juu ya ndoo. Chujio la milimita 0.5 linapoteza mabuu waliotoka yaini karibuni, na mtu anadhani chungu ni kitupu. Maji yakiisha, toa majani moja moja, uyasuuze pande zote mbili juu ya chujio: buu wa mbawakawa hukimbia mwanga na kung'ang'ania upande wa chini wa jani, kwa hiyo kunyonya maji peke yake kunakupa mbu wengi na mbawakawa wachache. Ngazi isuuzwe vivyo hivyo ikiwa imesimama. Pindua chujio kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo, subiri dakika mbili bila kugusa kitu, kisha hesabu. Baada ya hesabu, kila kitu kinarudi chunguni.

Kwenye sinia, mbu hujinyonganyonga na kupanda juu kwa mikunjo. Mabuu wa Toxorhynchites, mbu wakubwa wasionyonya damu, hukaa kimya chini wakiwinda wenzao. Buu wa mbawakawa anatembea. Ana miguu sita, mwili bapa uliochongoka nyuma, rangi ya kahawia ya majani makavu, na anaelekea kivuli cha kitu cha kwanza anachokikuta.

Alama ya uhakika ni vipapasio. Chini ya hadubini yenye ukuzaji wa mara 20, buu wa Scirtidae ana vipapasio virefu, vyembamba kama unywele, vyenye pingili ndogondogo nyingi. Mabuu wa mbawakawa wengine wana vipapasio vifupi vya pingili tatu au nne tu. Kati ya wadudu wote wanaopitia hatua ya pupa, hakuna buu mwingine mwenye vipapasio vya namna hiyo. Ukiviona, umekwisha kuitaja familia.

Tulimweka mmoja kwenye kisahani cha kioo pamoja na kipande cha jani na kumtazama akila. Kichwa kinainama, sehemu za mdomo zinasugua uso wa jani kwenda mbele na kurudi kwa mwendo usiokatika, zikikwangua utando wa bakteria, kuvu na nyama laini ya jani. Manyoya ya mdomoni yamepangwa kama vitana. Chembe zinakusanywa, zinachujwa, zinasukumwa ndani. Kila baada ya muda anapanda mpaka juu, anagusisha ncha ya tumbo kwenye uso wa maji, anachukua hewa kwa matundu ya kupumulia yaliyo pingili ya nane ya tumbo, kisha anashuka. Nyuma kabisa hutokeza vinyweleo laini vya nyama vinavyoingia na kutoka. Kazi ya vinyweleo hivyo ni kurekebisha chumvi ya mwili kwenye maji haya yasiyo na chumvi ya kutosha. Jani analoliacha hubaki na mishipa tu, kama wavu.

Unga unaobaki chini baada ya kula kwake ni chakula cha wengine. Imepimwa Marekani kwenye matundu ya miti kwamba mabuu wa mbu hukua vizuri zaidi pale mabuu wa Scirtidae wanapovunjavunja majani, kwa sababu mbu hawawezi kulivunja jani zima wenyewe. Kwa hiyo mbawakawa wengi chunguni haina maana ya mbu wachache. Wanaotaka kumtumia mdudu huyu kupunguza mbu watafute njia nyingine.

Mei: mabuu wanaofanana nao, na namna ya kuhifadhi

Kwenye ngazi na magogo ya kijitoni mkusanyaji mpya huchanganya mara kwa mara. Buu wa Ptilodactylidae ni mrefu, wa mviringo kama kipande cha waya nene, ngozi ngumu ya kahawia inayong'aa, vipapasio vifupi. Baadhi wana vishungi vya matamvua upande wa tumbo. Buu wa Elmidae naye ni mgumu, mdogo, anatembea polepole juu ya mawe na mti uliozama kwenye maji yanayokwenda kasi, mara chache sana kwenye maji yaliyotuama. Buu wa Psephenidae ni duara bapa kama sarafu, amebandika kwenye jiwe. Buu laini asiye na miguu, mwenye mkia mrefu wa kupumulia, ni nzi, si mbawakawa.

Uhifadhi ndio unaoharibu kazi nyingi nzuri. Ukimtupa buu moja kwa moja kwenye ethanoli ya asilimia 96, anakakamaa, na vipapasio, alama yenyewe unayoihitaji, vinakatika ukimgusa kwa kibano. Kwa maumbile: mtumbukize sekunde chache kwenye maji ya moto yasiyochemka, anyooke, kisha ethanoli ya asilimia 80. Hatua ya maji ya moto inazuia pia kugeuka mweusi. Kwa vinasaba: chagua mabuu wengine wawili au watatu kutoka chungu kilekile, ethanoli ya asilimia 96, baridi, gizani. Kwa vyote viwili badilisha ethanoli baada ya saa 24, kwa sababu maji ya miili yao yameizimua. Usijaze chupa, wadudu wasizidi robo ya ujazo.

Lebo iwe karatasi nene, penseli ngumu, ndani ya chupa. Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka kwenye ethanoli, na lebo ya nje hubanduka. Iandikwe mahali, kimo, tarehe, namba ya chungu, kina cha maji, na kama kilikuwa na ngazi. Chupa isiyo na lebo haina thamani kwa mtu yeyote.

Kuna chura mdogo wa milima hii, Hoplophryne rogersi, anayezaliana kwenye mianzi na makwapa ya migomba. Chungu kikionekana na mayai au viluwiluwi vya chura, kinatoka kwenye mradi na kubaki kilipo mpaka wamalize.

Juni: kufuga, na kugeuka pupa

Mabuu waliokaribia ukubwa wao wa mwisho walihamishiwa kwenye vyombo vya plastiki angavu vya mililita 500, vikiwa na mililita 250 za maji ya chungu yaliyochujwa, gramu 2 za majani yaliyokwisha kulainika, na kipande cha ngazi kinachotokeza sentimita 4 juu ya maji. Mabuu watano kwa chombo, si zaidi. Wakibanana maji yanachafuka upesi na hewa inapungua. Joto nyuzi 20 hadi 24. Juni na Julai ni miezi ya baridi Amani, na chini ya hapo wanakula kidogo na kukua polepole. Maji yaliyokauka yaongezwe kwa maji ya mvua. Yasibadilishwe yote kwa mara moja.

Hapa tofauti ya vyungu viwili vya kila jozi ilijionyesha. Vyote viwili vilikuwa na mabuu wa kila umri. Vya mwanzi mtupu vilikuza mabuu mpaka ukubwa wa mwisho, kisha wakaanza kuonekana wakizunguka ukutani usawa wa maji, wakipanda na kuteleza, na baadaye wakikutwa wamekufa. Ukuta wa mwanzi ni mgumu na unateleza; hakuna pa kuchimba. Pupa wachache waliopatikana kwenye vyungu vya namna hiyo walikuwa pale majani yalipojazana mpaka juu ya maji na kufanya tope chepechepe. Kwenye vyungu vyenye ngazi, pupa walikutwa ndani ya mti, juu kidogo ya usawa wa maji, kila mmoja kwenye kichumba chake laini.

Maelezo ni rahisi. Buu anapumua kwa kupanda juu, lakini pupa hawezi kupanda. Lazima awe mahali palipo na hewa na unyevu pamoja. Mti mkavu unamkausha, maji yanamzamisha. Mahali panapomfaa ni ule ukanda mwembamba wa mti laini unaonyonya maji kutoka chini na kushika unyevu bila kuzama. Ndiyo maana tundu la kudumisha kiwango cha maji ni muhimu kuliko linavyoonekana: maji yakipanda na kushuka ovyo, ukanda huo unahama na pupa waliokwisha kujichimbia wanakufa.

Makosa ya kuepuka katika hatua hii ni mawili. La kwanza ni kuchokonoa ngazi kutafuta pupa. Kichumba kikivunjwa pupa huota ukungu. Atakayetaka kuona aandae ngazi ya vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa mpira, avifungue mara moja tu. La pili ni kufunika chombo kwa mfuniko wa plastiki badala ya chandarua: mvuke unaganda, matone yanadondoka juu ya ngazi, na sehemu iliyopaswa kuwa chepechepe inageuka kuwa majimaji.

Julai: wapevu

Kwa joto tulilotaja, pupa huchukua wiki moja hadi mbili. Mbawakawa anatoka akiwa mweupe, laini kama nta. Asiuawe siku hiyo. Akikauka hivyo mwili unasinyaa na mbawa ngumu za juu zinakunjamana. Aachwe siku mbili au tatu ndani ya chandarua mpaka rangi ikomae. Baada ya kutoka, fungua kichumba, chukua ngozi ya buu iliyovuliwa na uiweke kwenye chupa ndogo yenye namba ileile ya mpevu. Ngozi hiyo ndiyo ushahidi wa mradi mzima. Kichwa kilichobaki juu yake, chenye sehemu za mdomo na vipapasio, kinatosha kumlinganisha na mabuu wengine.

Mpevu anauawa kwenye friza kwa saa 24. Ni mdogo mno kuchomwa pini: kata pembetatu ya kadi nyeupe yenye urefu wa milimita 8, choma pini namba 2 kwenye upande mpana, ukunje ncha kidogo na umgandishe mbawakawa kwa ubavu wake wa kulia kwa tone dogo la gundi inayoyeyuka kwenye maji. Gundi isifike tumboni wala miguuni. Pingili ya nne ya wayo, iliyogawanyika masikio mawili, lazima ibaki ikionekana, na kwa jenasi ya Scirtes paja nene la mguu wa nyuma, la kurukia, nalo pia.

Kwa dume, ncha ya tumbo inakatwa, inawekwa kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 usiku kucha kwa joto la kawaida, inasuuzwa kwa maji, kisha viungo vinatolewa kwa sindano mbili nyembamba ndani ya tone la gliserini. Vaa glavu na miwani; kemikali hii inaunguza ngozi na macho. Viungo vinahifadhiwa kwenye bomba dogo la gliserini lililochomwa kwenye pini ileile.

Sambamba na ufugaji tunakusanya wapevu wa msituni kwa ajili ya kulinganisha. Njia mbili zinatosha. Mchana, shika mwavuli mweupe uliogeuzwa chini ya matawi yanayoning'inia juu ya kijito, gonga tawi kwa fimbo mara tatu, okota haraka kwa bomba la kunyonyea kabla hawajaruka. Usiku, shuka jeupe na taa ya mwanga wa zambarau kuanzia jua linapozama; usiku wa mawingu bila mbalamwezi, baada ya mvua, ndio wenye wadudu wengi.

Agosti: kuvunja vyungu

Vyungu haviachwi msituni. Kila kimoja kinamwagwa kwenye chujio, mabuu waliobaki wanahamishiwa kwenye tundu la asili lililo karibu, na ngazi zinapelekwa chini ya gogo bovu kando ya kijito ili pupa waliomo wamalize. Mwanzi wenyewe unamwagiwa maji yanayochemka kabla ya kubebwa, kwa sababu mayai ya Aedes hushika ukutani juu ya usawa wa maji, yanastahimili ukavu kwa miezi, na huanguliwa siku chombo kikipata maji tena, pengine uani kwa mtu. Kisha unapasuliwa vipande viwili na kuchomwa.

Kazi inayofuata, vuli ikianza mwezi Oktoba: vyungu vyote viwe na ngazi, na kitakachobadilishwa ni urefu wa sehemu iliyo juu ya maji, sentimita 2, 4, 6 na 10, pamoja na aina ya mti, mesopsis dhidi ya msambu uliooza kwa kiwango kilekile cha msumari.